Kwa Nini Mteja Anakukimbia Kabla Hujamtajia Bei? Waulize Mbwa wa Pavlov

Muuza kahawa wa mtaani, uwe Kariakoo, Unguja au Mombasa, hahitaji kupiga kelele. Anapita na birika lake, anagonga vikombe viwili mkononi, basi. Kijiweni watu wanabishana mpira, wakisikia vile vikombe shingo zinageuka. Kahawa yenyewe hakuna aliyeiona bado, na harufu haijafika. Lakini kuna mtu pale mdomo wake umeshajiandaa kwa ule uchungu na kipande cha kashata pembeni.

Sasa hebu tuje kwako unayeuza mtandaoni. Jina lako likitokea juu ya stetasi, kabla mteja hajafungua, mwili wake unafanya nini? Maana kuna kitu unafanya, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Kuna anayefungua mbio. Kuna anayepitisha kidole kama hajaona. Na kuna anayekunja uso kidogo tu, na ukimuuliza shida ni nini atakwambia "hamna kitu boss, niko bize". Wala hakudanganyi. Na yeye hajui.

Jambo hili lina elimu yake, ina zaidi ya miaka 100, na ni bure. Leo tuizungumze vizuri, kwa sababu wengi wetu tunapoteza wateja hapa, halafu tunalaumu bando, mwezi dume au nuksi.

Mzee wa mate

Ivan Pavlov alikuwa Mrusi, amezaliwa 1849. Wala hakuwa mtu wa saikolojia. Kazi yake ilikuwa kuchunguza tumbo, chakula kinasagwaje na majimaji gani yanatoka wapi. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Na kwa taarifa yenu wachuuzi wenzangu, maabara yake pale Saint Petersburg ilikuwa inauza majimaji ya tumbo la mbwa kwenye chupa, kama dawa ya watu wasiosaga chakula vizuri, na pesa inarudi kuendesha maabara. Mzee alikuwa na biashara ya pembeni kabisa.

Ili apime mate, mbwa walifanyiwa upasuaji mdogo shavuni, mate yakawa yanatoka nje yanahesabiwa tone kwa tone. Alitaka kujua mate mangapi yanatoka chakula kikiwa mdomoni. Ikatokea kero. Mbwa waliokaa maabara muda mrefu walianza kutoa mate kabla ya chakula. Wakimwona anayewalisha, mate. Wakisikia hatua zake, mate. Mtafiti mwingine angesema hawa mbwa wananiharibia vipimo. Pavlov yeye akaona kero hiyo ndiyo habari yenyewe, akaifuatilia mpaka alipofariki 1936.

Mtaani watu wanasimulia habari ya kengele tu. Ukweli ni kwamba alitumia vitu vingi: milio ya umeme, taa, kugusa ngozi, na sana sana metronomu, kile kifaa cha wanamuziki kinachohesabu mapigo.

Twende taratibu hapa, kwa sababu ndiyo msingi. Chakula ni kichocheo cha asili, mbwa hahitaji kufundishwa kutoa mate akikipata. Mate hayo ni mwitikio wa asili. Metronomu mwanzoni haina maana yoyote, mbwa anainua masikio tu halafu anaendelea na mambo yake. Lakini ukiipiga kisha ukaleta chakula, kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, inafika siku metronomu peke yake inatoa mate. Hapo imegeuka kichocheo cha kufunzwa, na yale mate ni mwitikio wa kufunzwa.

Kwenye biashara yako chakula ni nini? Ni ile raha mteja anayoipata: gauni limemkaa sawasawa, mzigo umefika siku uliyosema, kiatu ni kile kile cha kwenye picha. Metronomu ni wewe. Jina la peji yako, rangi unazotumia, sauti yako ukimtumia ujumbe wa kurekodi, karatasi unayofungia mzigo. Vyote hivyo mwanzoni havina maana kwa mteja. Vinapata maana kutokana na kinachofuata baada yake.

Usichanganye na zawadi. Ukimwambia mteja "nunua mara 5 ya 6 nakupa bure", hiyo ni elimu nyingine, ya B. F. Skinner, mtu anafanya jambo ili apate kitu. Kwa Pavlov mbwa hafanyi chochote wala hachagui. Inamtokea tu. Ndiyo maana mteja hawezi kukueleza kwa nini peji yako inamchosha.

Ishara inatangulia

Pavlov aliona kwamba mpangilio una uzito. Mlio kwanza, chakula muda mfupi baadaye, mbwa anajifunza haraka. Ukigeuza, chakula kwanza na mlio baadaye, anajifunza kidogo sana au hajifunzi kabisa.

Angalia video zetu sasa. Dakika nzima ya viatu vizuri, vinazungushwa, vinakanyagwa, halafu sekunde ya mwisho ndiyo inatokea nembo na jina la duka. Mteja ameshafurahi na ameshahama, jina limekuta mtu ameondoka. Liweke mwanzo. Kama una namna yako ya kusalimia, anza nayo kila video, ile ile, usibadilishe kila wiki eti watu wamechoka. Na stika ya jina iwe nje ya mfuko, isiwe kikaratasi kimezikwa chini ya nguo. Mteja aione bodaboda anapomkabidhi, kabla hajachana plastiki.

Kuna mwanasayansi Mmarekani, Robert Rescorla, miaka ya 1960 akaongeza kitu muhimu. Alionyesha kwamba vitu viwili kutokea pamoja peke yake hakutoshi, ishara inatakiwa itabiri. Kama chakula kinakuja kwa wingi ule ule hata mlio usipopigwa, mlio hauna kazi na mnyama anaupuuza. Kwa hiyo ukiandika MZIGO MPYA kila siku asubuhi, na picha ni zile za mwezi wa pili, yale maneno hayatabiri kitu. Mwenzako anayeyaandika siku ya Alhamisi tu, siku ambayo marobota yamefunguliwa kweli, watu wanamsubiri Alhamisi.

"Leo mwisho" ya kila wiki

Ukipiga metronomu bila kuleta chakula, mara ya kwanza mate yanatoka kama kawaida. Ya pili yanapungua. Endelea hivyo na mwisho yanakauka. Hii inaitwa kufifia.

Ndiyo kilichotokea kwa neno OFA. Na kwa "zimebaki 2 tu", ambazo zimebaki 2 tangu Januari. Unaposti "leo mwisho" Jumatatu, Jumatano ipo tena, Ijumaa umeongeza na moto na vidole vinavyoelekeza chini. Muuzaji anadhani shida ni watu hawajaona, kwa hiyo anaposti zaidi. Kila posti isiyo na kitu nyuma yake ni metronomu nyingine bila chakula. Unalipia bando kumfundisha mteja akupuuze.

Nafuu ipo. Pavlov aliona kwamba mbwa ambaye mate yake yamekauka, ukimpumzisha kisha ukapiga mlio tena, mate kidogo yanarudi yenyewe. Maana yake kufifia hakufuti kile kilichojifunzwa, kunakifunika tu. Kama neno ofa umelichosha, liache kabisa mwezi mzima au zaidi. Halafu siku ukilirudisha, liwe na ofa ya ukweli, bei ya zamani na mpya zote zionekane na muda wa kuisha ufuatwe. Ukisema saa 2 usiku, saa 2 usiku funga, hata kama kuna mtu anabembeleza. Wale waliochelewa watakasirika kidogo, na wiki ijayo watawahi.

Kuna jaribio lingine lilifanyika kwenye maabara hiyo hiyo ambalo binafsi ndilo linalonikaa kichwani zaidi. Mbwa alifundishwa kwamba akiona duara, chakula kinakuja. Akiona umbo la yai, hakuna. Akaelewa vizuri. Kisha watafiti wakawa wanalinyoosha lile yai kidogo kidogo, likakaribia kuwa duara, mpaka tofauti ikawa ndogo mno. Walipomfikisha hapo wakaendelea naye wiki 3, na badala ya kujua zaidi akaharibika. Mbwa aliyekuwa mpole akaanza kulia, kuhangaika, kung'ata mipira na vifaa. Hata tofauti rahisi alizokuwa anazijua zikampotea.

Sasa fikiria peji ambayo leo picha ni ya mzigo wenyewe, kesho ni picha ya kudownload, keshokutwa bei imeandikwa, siku nyingine "njoo inboksi", oda moja inafika kesho yake, nyingine wiki 2. Mteja hawezi kutofautisha siku nzuri na mbaya. Huyu ndiye anayeuliza maswali 20 halafu hanunui, na sisi tunamwita msumbufu.

Aliyetapeliwa na mwingine, anakuogopa wewe

Hapa ndipo penye pesa nyingi zinapotea, tukae kidogo.

Mwaka 1920 John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, walifanya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Walichukua mtoto wa miezi 11 ambaye kwenye maandishi yao walimwita Albert. Walimpa panya mweupe, mtoto hakuogopa, akanyoosha mkono. Kila akimgusa panya, nyuma yake wakagonga chuma kwa nyundo, mlio mkali. Mtoto akashtuka, akalia. Baada ya mara 7 tu, panya peke yake akawa anamliza. Na haikuishia kwa panya. Alimwogopa sungura. Alimwogopa mbwa. Aliogopa koti la manyoya. Kwa waliofanana na panya, hofu ilisambaa.

Mteja wako wa leo alishatuma pesa kwenye peji fulani mwaka jana, akasubiri, mwisho akafungiwa namba. Ile chuma iligongwa nyuma ya kichwa chake. Wewe hukuwepo, hujamdhulumu hata shilingi. Lakini una peji, una picha nzuri, unasema "tunatuma mikoani, malipo kwanza". Kwake yeye wewe ni sungura. Una manyoya.

Wengi wetu tunakasirika hapa. "Kama huniamini nunua dukani." Kweli una haki yako, lakini umegonga chuma mara ya pili.

Dawa ilishajaribiwa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto wa karibu miaka 3, anamwita Peter, aliyeogopa sungura. Alichofanya ni rahisi: Peter akiwa amekaa anakula kitu anachokipenda, sungura analetwa akiwa kwenye kizimba, mbali. Mtoto akila kwa raha, siku nyingine anasogezwa kidogo. Akiogopa, anarudishwa nyuma. Mwisho wake Peter alimshika sungura kwa mkono. Siri iko kwenye umbali: sungura asiwe karibu kiasi cha hofu kuzidi raha ya chakula.

Kwa muuzaji, umbali ni kiasi cha hatari unachomwomba mteja aibebe. Kutuma laki 2 kwa mtu asiyemjua ni sungura mapajani siku ya kwanza. Punguza. Anza na kitu kidogo cha elfu 5 au 10. Kama yuko mji mmoja na wewe, alipe akipokea, na umruhusu afungue mzigo mbele ya bodaboda. Kwa wa mkoani, mpigie simu ya video umwonyeshe mzigo wenyewe, jina lake limeandikwa juu, kisha mtumie picha ya risiti ya basi bila kusubiri aulize. Nusu mwanzo, nusu akipokea, kama bidhaa yako inaruhusu. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inasogeza umbali pia, maana jina analoliona kwenye simu linafanana na la peji.

Na akirudi nyuma hatua moja, kwa mfano alishalipa kabla mara 2 halafu safari hii anataka kulipa akipokea, usimshangae. Labda jana tu rafiki yake kalizwa. Rudisha sungura nyuma kidogo, kesho anasogea.

Wauza chakula, hii ni yenu

Mambo mengi niliyoyasema yanahitaji kurudiwa. Chakula hakihitaji. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling walichapisha jaribio la panya waliokunywa maji matamu huku taa inawaka na mlio unasikika. Panya waliofanywa waugue tumbo baadaye walikataa utamu, taa na mlio hawakujali. Waliopigwa shoti walifanya kinyume, wakaogopa taa na mlio, utamu wakaendelea nao. Yaani mwili una akili yake: tumbo likiuma linalaumu mdomo. Na tafiti za jamii hii zilionyesha inatosha mara moja, hata kama ugonjwa umekuja saa kadhaa baada ya kula.

Kwa hiyo anayeuza keki za oda, pilipili za kusaga, juisi au maandazi ya mkesha, usijidanganye kwamba mteja atakupa nafasi ya pili. Mteja anaweza hata kujua kabisa kwamba alikuwa na malaria wala si keki yako, na bado akiiona picha ya keki tumbo linakataa. Kama mayai yana mashaka, au umeme umekatika friji imelala siku nzima, ghairi oda na urudishe pesa. Hasara ya oda moja inahesabika.

Na ukigundua mteja aliugua, usimbembeleze kwa kumletea kitu kile kile bure. Mpelekee kitu cha ladha tofauti kabisa, baada ya muda.

Jina ambalo halishiki

Mwaka 1959 Lubow na Moore walifanya jaribio na kondoo na mbuzi. Wanyama walionyeshwa ishara mara nyingi bila chochote kufuata, kisha ishara hiyo ikaanza kuambatana na tukio. Walichelewa kujifunza kuliko ishara ambayo ilikuwa mpya kwao. Ishara iliyozoeleka bure ni nzito kufundisha.

Nenda katafute maduka yenye jina linaloishia na "classic", "collection" au "fashion", yenye nembo ya herufi za dhahabu juu ya weusi. Mteja wako ameshaziona mia, hazikumletea kitu. Unamwomba ajifunze kitu ambacho ubongo wake umeshakipa alama ya kelele. Afadhali jina la ajabu kidogo la nyumbani kwenu kuliko la kumi na moja linalofanana.

Kuna la Leon Kamin pia, mwishoni mwa miaka ya 1960. Panya akishajua kwamba mlio unatabiri shoti, ukiongeza taa pembeni ya mlio, taa haijifunzi kitu, nafasi imeshachukuliwa. Unauza sabuni au mafuta ya kampuni kubwa? Raha yote mteja anaihesabia ile kampuni, jina lako pembeni ni taa. Hapo shindana kwenye vitu ambavyo kampuni haimpi: umemfikishia usiku, umemkumbusha kopo linakaribia kuisha, umemfungia vizuri mzigo wa zawadi.

Je, matangazo kweli yanafanya kazi hivi?

Watson alifukuzwa chuo mwaka ule ule wa 1920 kwa sababu ya uhusiano wake na Rayner, akaingia kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, New York. Kabla ya yote walimpeleka kusimama nyuma ya kaunta ya duka la Macy's, ajifunze wateja. Mwaka 1924 alikuwa makamu wa rais wa kampuni. Tangu hapo watu wa matangazo wanapenda kujitapa kwamba wanaweza kumfunga mteja kama mbwa.

Mimi nisingewaamini moja kwa moja. Mwaka 1982 Gerald Gorn aliwaonyesha wanafunzi picha ya kalamu huku muziki unapiga, wengine muziki wanaoupenda, wengine wasioupenda. Baadaye walipoambiwa wachague kalamu, asilimia 79 ya waliosikia muziki mtamu walichukua rangi ile ile waliyoiona. Habari ikatembea dunia nzima. Lakini watafiti wengine walirudia mwaka 1989, hawakupata hayo matokeo. Kwa hiyo ukiambiwa uweke wimbo unaotamba kwenye video yako na mauzo yatapanda, weka kama unaupenda, ila usiuhesabu kwenye mtaji. Mzigo uliofika kwa wakati mara 6 una nguvu kuliko wimbo.

Na simu yako je?

Wewe mwenyewe nawe una metronomu zako. Meseji ya muamala ikilia, unatabasamu kabla hujasoma. Meseji ya mteja saa 4 usiku ikilia, tumbo linakaza, kwa sababu mlio ule ule umeshakuletea "bei ya mwisho?" na kimya, "nitakucheki" na kimya, mara mia. Halafu anakuja mtu mpya, mnunuzi kabisa, anauliza bei ya mwisho kwa nia njema, unamjibu kwa hasira za wale mia.

Tenganisha milio, ya miamala iwe yake na ya wateja yake, na ya usiku izime. WhatsApp Business ina sehemu ya majibu ya haraka. Andika jibu la "bei ya mwisho" asubuhi ukiwa umekunywa chai na umetulia, lenye salamu, bei, gharama ya kutuma na swali moja la size au rangi. Lihifadhi. Usiku, kabla tumbo halijakaza, bonyeza hilo.